Pima Upepo Kabla ya Kupanda Mtumbwi

Hapa Isingiro hatuna ziwa kubwa. Tuna vilima, migomba na kahawa. Lakini baadhi ya vijana wetu huenda Ziwa Victoria kuvua dagaa. Wengine huvuka kwenda kufanya biashara katika visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba. Watu hao hawakukulia majini. Wasipojua kupima upepo, wanaweza kufa maji.

Upepo hauonekani, lakini kazi yake inaonekana. Mwaka 1805 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, alipanga nguvu za upepo kwa namba, kuanzia 0 hadi 12. Mabaharia wanazitumia hata leo.

Namba 0, moshi hupanda wima na maji hutulia kama kioo. Namba 2, majani ya miti huchezacheza na ziwani kuna viwimbi vidogo. Namba 3, povu jeupe huanza kuonekana hapa na pale juu ya mawimbi. Namba 4, vumbi hupeperuka, matawi madogo hutikisika, na povu jeupe huonekana mahali pengi. Upepo huo huenda kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Namba 6, hata matawi makubwa hutikisika. Mimi ni bwana shamba, si mvuvi. Lakini upepo unaochana majani ya migomba yetu ndio unaoinua mawimbi. Kwa maoni yangu, povu likienea ziwani, mtumbwi mdogo wa tanga ubaki nchi kavu.

Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma tanga huongezeka mara nne. Ndiyo sababu tanga lililofaa asubuhi linaweza kupindua mtumbwi mchana. Lipunguzwe mapema.

Ufuko hudanganya

Upepo ukitoka nchi kavu, vilima na miti huukinga. Maji ya karibu na ufuko hutulia. Mtu husema, "Leo ziwa ni shwari." Akifika mbali hukuta mawimbi makubwa, na upepo ule ule humzuia kurudi. Basi tazama maji ya mbali, siyo yale yanayolowesha miguu yako.

Wimbi hukua kwa nguvu ya upepo, kwa muda unaovuma, na kwa urefu wa maji unayopita. Miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huvuka ziwa lote kabla ya kufika upande wetu wa Bukoba na Muleba.

Dhoruba za usiku

Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka. Upepo wa kutoka pande zote za nchi kavu hukutana ziwani, hewa hupanda juu, na mawingu ya radi hutokea. Kwa hiyo dhoruba nyingi za ziwani hutokea usiku na alfajiri, saa zile zile wavuvi wa dagaa wanapowasha taa zao.

Kabla ya kutoka, sikiliza redioni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha. Lisiwe la kukalia. Mkiwa ziwani mkaona wingu jeusi, kisha upepo ukawa wa baridi ghafla, msingoje mvua. Shusheni tanga lote, kaeni chini mtumbwini, na elekezeni omo kwenye mawimbi.