Kansere ya mfupa kwa mbwa: mganga akisema mguu ukatwe, jamaa ifanye nini?

Mbwa anaanza kuchechemea. Wenye nyumba wanafikiri amekanyaga msumari, ao usiku aliruka ukuta akaumia. Wanamwacha siku mbili tatu, anapata nafuu kidogo, kisha anachechemea tena. Baada ya majuma machache, karibu na bega ao goti panatokea uvimbe mgumu, na mlinzi wa parseli aliyekuwa wa kwanza kufika mlangoni sasa hataki hata kusimama. Mara nyingi ni hivyo ugonjwa huu unaanza: polepole, na kwa dalili inayofanana na jeraha la kila siku.

Waganga wa wanyama wanauita osteosarkoma. Ni kansere inayozaliwa ndani ya mfupa wenyewe. Kati ya kansere zote zinazoanzia katika mfupa wa mbwa, zaidi ya nane kwa kumi ni hiyo. Inapenda mbwa wakubwa: Rottweiler, Saint-Bernard, Doberman, na wale mbwa wa Kijerumani wanaoitwa Berger, ambao wakaaji wengi wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanawafuga kwa ajili ya ulinzi. Mbwa mdogo wa mtaani anaweza kuipata, lakini ni nadra. Wengi wanaugua wakiwa na miaka 7 kwenda juu, ingawa kuna wachache wanaopata wakiwa bado vijana, kabla ya miaka 2.

Kansere hii haiambukizi. Mtoto aliyecheza na mbwa mgonjwa hana hatari yoyote, na mbwa wengine wa nyumba hawawezi kuipata kwake. Haina uhusiano na kichaa cha mbwa, wala si kazi ya jirani mwenye wivu.

Namna ya kuitambua

Uvimbe unatokea zaidi kwenye miguu ya mbele kuliko ya nyuma. Wanafunzi wa udaktari wa wanyama wanafundishwa njia nyepesi ya kukumbuka: mbali na kiwiko, karibu na goti. Maana yake, kwa mguu wa mbele kansere inakaa juu karibu na bega ao chini karibu na kifundo. Kwa mguu wa nyuma inazunguka goti.

Hatua ya kwanza ni kumpitisha mbwa kwenye radio. Picha inaonyesha mfupa ulioliwa kwa ndani, na pembeni mfupa mpya usio na mpango unaochipuka. Hata hivyo picha peke yake haitoshi kila mara, kwa sababu kuna magonjwa mengine ya mfupa, yale ya vidudu na ya kuvu, yanayoweza kufanana nayo. Ndiyo sababu mganga anaweza kuomba kuchoma sindano na kutoa chembe kidogo za uvimbe zipimwe kwa darubini. Ni lazima pia kupiga radio ya kifua, kwa sababu mapafu ndiyo nyumba ya pili ya ugonjwa huu.

Maumivu ya kansere hii ni makali. Mfupa unadhoofika mpaka unaweza kuvunjika mbwa akishuka tu ngazi moja. Ukivunjika kwa sababu ya kansere, plasta haisaidii, kwa kuwa mfupa mgonjwa haushikani tena. Mbwa wengi hawalii. Wanaacha kula vizuri, wanahema haraka wakiwa wamelala, wanakataa kuguswa, ao wanakuwa wakali bila sababu. Mwenye mbwa anasema “amezeeka,” kumbe anaumwa.

Kwa nini kukata mguu mzima?

Neno hili linavunja moyo wa jamaa yoyote. Swali la kwanza ni: mbona wasitoe uvimbe tu? Jibu ni kwamba uvimbe umeingiana na mfupa. Kuna upasuaji wa kuokoa mguu, ambamo kipande cha mfupa kinaondolewa na kingine kuwekwa mahali pake, na chuo kikuu cha Colorado State huko Marekani kimejulikana kwa kazi hiyo tangu miaka ya 1980. Lakini ni upasuaji mrefu, wa gharama kubwa, na wenye matatizo mengi baadaye. Kwa mbwa wengi, kukata mguu mzima ndiyo njia fupi ya kuondoa maumivu, kwa sababu mguu unaoumwa hauko tena.

Hapa jamaa inapaswa kusikia ukweli wote. Kukata mguu kunaondoa maumivu, lakini mara nyingi hakuondoi kansere yote. Kwa mbwa karibu tisa kwa kumi, siku ugonjwa unapogunduliwa, chembe ndogo sana zimekwisha kusafiri, hata kama radio ya kifua inaonekana safi. Mbwa aliyekatwa mguu bila matibabu mengine anaishi kwa kawaida miezi 4 ao 5. Akiongezewa kimioterapi, nusu ya mbwa wanafika karibu mwaka mmoja, na mmoja kwa watano hivi anapita miaka 2. Kimioterapi ya mbwa haifanani na ile watu wanayoiogopa: dozi ni ndogo, lengo ni mbwa aishi vizuri, na wengi hawapotezi manyoya.

Kwa hiyo mwenye mbwa hachagui kati ya kupona na kufa. Anachagua aina ya miezi ambayo mbwa wake ataishi.

Maisha juu ya miguu mitatu

Mbwa anabeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Kwa sababu hiyo, aliyepoteza mguu wa mbele anahangaika zaidi mwanzoni kuliko aliyepoteza wa nyuma. Lakini wengi wanasimama siku ile inayofuata upasuaji, na baada ya majuma machache wanakimbia. Mara nyingi walikwisha kujifunza kabla, walipokuwa wanauinua ule mguu wenye maumivu.

Majuma mawili ya kwanza ndiyo magumu. Mbwa analala sana, analialia usiku, anatazama mahali mguu ulipokuwa. Kovu ni kubwa, ngozi inaweza kuwa na rangi ya zambarau na kuvimba. Ni wakati huo ambapo wenye mbwa wengi wanajiuliza kama hawakufanya vibaya. Nyuzi zinatolewa baada ya siku 10 mpaka 14, na kwa kawaida hapo ndipo mbwa anaanza tena kutingisha mkia.

Nyumba nayo inahitaji kutayarishwa. Sakafu ya simenti iliyolainishwa ao ya karo inateleza: mutandike magunia, mikeka ao vipande vya zulia kwenye njia anayopita. Huko Goma, mawe ya volkano yanakata nyayo, na mbwa huyu sasa hana mguu wa akiba. Sehemu anayotembea isafishwe ao imwagiwe mchanga. Huko Bukavu, wenye parseli za milimani wazibe ngazi kwa ubao siku za mwanzo. Kitambaa kipana kinachopitishwa chini ya tumbo kinasaidia kumwinua akienda kujisaidia. Ili asirambe kidonda, ndoo ya plastiki iliyokatwa kitako na kufungwa shingoni kwa uangalifu inafanya kazi ya ile kola ya dukani.

Jambo lingine ni uzito. Mbwa wa miguu mitatu hapaswi kunenepa, kwa sababu kila kilo ya ziada inaanguka juu ya viungo vilivyobaki. Ugali uliobaki wa watu kumi si chakula chake. Matembezi yawe mafupi na ya mara nyingi, kuliko safari moja ndefu.

Jerry wa California

Mwaka 2006, huko California, mbwa mmoja aitwaye Jerry, mwenye damu ya Berger wa Kijerumani, alikatwa mguu wa mbele kwa ajili ya osteosarkoma. Wenye mbwa, Rene Agredano na mume wake Jim Nelson, waliuza nyumba na biashara yao, wakaingia katika gari la kulala, wakazunguka Marekani pamoja naye. Jerry aliishi miaka 2 baada ya upasuaji. Kutokana na safari ile walianzisha Tripawds, jumuiya ambayo mpaka leo inawaunganisha wenye mbwa na paka wa miguu mitatu katika inchi nyingi.

Wakaaji wa huku kwetu hawana uwezo wa kuuza kila kitu kwa ajili ya mbwa, na hakuna anayewaomba. Lakini funzo la Jerry halihitaji gari: mbwa hahesabu miezi iliyobaki. Hajui jina la ugonjwa wake. Anajua kama leo anaumwa ao haumwi, na kama watu wake wako karibu.

Na kama uwezo haupo?

Tuseme wazi: upasuaji kama huu si rahisi kupatikana mashariki mwa Kongo. Inchi ina vyuo vinavyofundisha waganga wa wanyama, kama Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Chuo Kikuu Katoliki cha Graben huko Butembo, lakini kazi kubwa ya waganga hao ni ng'ombe, mbuzi, nguruwe na chanjo. Kabla ya kukubali, muulize mganga maswali haya: amekwisha kukata mguu wa mbwa mara ngapi? Ana dawa gani ya usingizi, na ya maumivu baada ya usingizi? Nani atamwangalia mbwa usiku wa kwanza? Bei inaingiza radio, dawa na kutoa nyuzi? Mganga mwema hakasiriki akiulizwa.

Kuna pia njia bila kisu. Mganga anaweza kutoa dawa za maumivu zinazofaa mbwa, kama meloksikamu, wakati mwingine pamoja na nyingine. Zinapunguza maumivu kwa muda, lakini kadiri mfupa unavyoliwa, nguvu yake inapungua.

Hapa kuna onyo kubwa. Musikimbilie farmasi ya mtaani na kumpa mbwa dawa za watu. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa tumbo na kuua figo zake. Parasetamoli inaweza kuharibu ini na damu yake. Wengi wanafanya hivyo kwa huruma, na mbwa anakufa kwa dawa kabla ya kansere.

Njia ya tatu ni kumlaza mbwa kwa sindano ya mwisho. Watu wengi wanaiona kama usaliti, ao wanangoja mpaka mbwa afe mwenyewe kwenye kona ya ua. Lakini pale ambapo mguu unavunjika, mapafu yamejaa, ao hakuna dawa ya kutuliza, sindano ile iliyotolewa na mganga, mbwa akiwa amelala usingizi kwanza, ni huruma. Kumtupa barabarani ao kumpiga si huruma.

“Hii yote kwa mbwa tu?”

Jirani atauliza hivyo. Katika mji ambao watu wanakimbia vita na wazazi wanatafuta minervali, swali lake lina uzito, na hakuna mzazi anayepaswa kuona haya kwa kutanguliza watoto wake. Feza za masomo na za chakula zisiguswe. Lakini kumtunza mbwa hakumwondolei mtu utu wake. Mbwa yule amelinda nyumba usiku ambao polisi hawakufika. Katika Mbuga ya Virunga, walinzi wanatumia mbwa wa kunusa kufuata nyayo za majangili. Kiumbe aliyetufanyia kazi tunamdeni angalau siku zisizo na maumivu.

Zaidi ya hayo, ugonjwa huu ni wetu pia. Osteosarkoma inapata watu, hasa vijana wanaokua. Mkanada Terry Fox alikatwa mguu wa kuume mwaka 1977, akiwa na miaka 18. Tarehe 12 mwezi wa nne 1980 alianza kukimbia kuvuka Kanada kwa mguu wa bandia ili kukusanya feza za utafiti. Alikimbia siku 143, kilometa 5.373, mpaka kansere ilipofika mapafuni. Alikufa mwezi wa sita 1981, na miaka 22 tu. Ni njia ileile inayofuatwa na ugonjwa kwa mbwa: mfupa, kisha mapafu. Ndiyo sababu watafiti wanaowatibu mbwa wanajifunza pia kwa ajili ya watoto wa watu. Mzazi ambaye kijana wake ana uvimbe wa mfupa na maumivu ya usiku yasiyoisha asingoje: ampeleke hospitali.

Uamuzi wa jamaa

Muamue pamoja, na watoto waambiwe ukweli kwa maneno yanayofaa umri wao. Kuwaambia mbwa “amekwenda shambani” kunawaacha wakimngoja. Kisha muchukue kalenda. Kila jioni mtoto mmoja aweke alama: siku njema, kama mbwa alikula, alisimama, alikuja alipoitwa, siku mbaya, kama hapana. Alama hizo zinasema wazi kuliko moyo unaoogopa. Siku mbaya zikizidi njema kwa juma nzima, mumwite mganga, na mukae naye mpaka mwisho.