Kambare wa baharini: maumivu ya mwiba wake hutulizwa kwa maji ya moto

Shule zinapofungwa mwezi wa Disemba, familia nyingi za bara hufunga safari ya pwani. Kutoka hapa Moiben, kwenye mashamba ya ngano na mahindi ya Uasin Gishu, hadi Mombasa ni mwendo wa kilomita zipatazo 800. Msafiri huonywa kuhusu jua kali, malaria na mawimbi. Ni nadra kuonywa kuhusu samaki mmoja mdogo anayeweza kumharibia likizo yake kwa dakika moja.

Samaki huyo ni kambare wa baharini mwenye mistari, ambaye wanasayansi humwita Plotosus lineatus. Wengi wetu twamjua kambare wa mito, maziwa na mabwawa ya kufugia samaki. Huyu wa baharini ni jamaa yake, lakini huishi kwenye miamba ya matumbawe, kwenye nyasi za baharini na kwenye midomo ya mito. Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Japani na Australia. Kupitia Mfereji wa Suez, amekwisha kuingia Bahari ya Mediterania, na mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulimtia katika orodha ya viumbe wageni waharibifu.

Utamtambuaje?

Hana magamba. Mwili wake ni wa kahawia iliyokolea au mweusi, na mistari miwili myeupe au ya manjano hupita ubavuni kutoka kichwani kuelekea mkiani. Mdomoni ana jozi nne za sharubu, na mkia wake umechongoka kama wa mkunga. Akikua sana hufikia sentimita 32 hivi. Wadogo hutembea kwa makundi yaliyosongamana mfano wa mpira, jambo linalowavutia sana watoto wanaocheza majini. Wakubwa hujificha mchana chini ya miamba na hutoka usiku kutafuta chakula.

Silaha yake ni miiba mitatu: mmoja kwenye pezi la mgongoni, na mmoja kwenye kila pezi la kifuani. Miiba hiyo ina meno kama ya msumeno, na imefunikwa na ngozi yenye chembe zinazotengeneza sumu. Mwiba unapozama mwilini, ngozi hiyo hupasuka na sumu huingia kwenye kidonda. Samaki huyu hakufuati ili akuchome. Wanaochomwa ni wavuvi wanaomtoa wavuni au kwenye ndoana, watu wanaotembea pekupeku miambani maji yakipwa, na watoto wanaookota samaki ufuoni. Fahamu, msomaji, kwamba hata aliyekufa huweza kukuchoma na kukutia sumu.

Huduma ya kwanza

Maumivu huanza papo hapo, nayo ni makali sana. Mara nyingi hupanda mkono au mguu mzima, na mahali palipochomwa huvimba na kubadilika rangi. Vifo ni nadra mno, lakini mateso yaweza kuendelea kwa saa nyingi yasipotulizwa.

Dawa ya kwanza haiuzwi dukani. Ni maji ya moto. Sumu ya samaki huyu ina protini, na protini huharibiwa na joto, kama vile ute wa yai unavyogeuka ukichemshwa. Toka majini kwanza, kisha tumbukiza kiungo kilichochomwa katika maji yenye joto la nyuzi 45 hivi za Selsiasi, yaani ya moto kiasi cha kuvumilika bila kuunguza. Kaa hivyo kwa dakika 30 hadi 90, ukiongeza maji ya moto yanapopoa, na ukitoa kiungo kila unapoongeza. Pima joto kwa mkono usiochomwa, kwa maana kiungo chenye maumivu hakiwezi kukuambia kama maji yanakuunguza. Kwa mtoto, apime mtu mzima. Ukiwa ufuoni, omba maji kwenye jiko la hoteli au kibanda cha chai, uyachanganye na ya baridi.

Baada ya hapo, safisha kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha umeze dawa ya kutuliza maumivu kama vile parasetamoli. Usifunge kamba juu ya kidonda, usichanje kwa wembe, usinyonye damu, wala usipake mafuta ya taa. Lile jiwe jeusi ambalo watu hubandika mtu anapoumwa na nyoka halitakusaidia pia.

Usinyamaze ukirudi nyumbani

Hapa ndipo sisi wa bara tunapokosea. Maumivu yakiisha, mtu hudhani mambo yamekwisha. Nimewahi kumtibu hapa Moiben mwanafunzi aliyerudi kutoka ziara ya pwani na kidole kilichovimba. Zilikuwa zimepita siku tisa, naye alikuwa akipaka marhamu tu. Picha ya eksirei ilionyesha kipande cha mwiba kilichovunjikia ndani. Kilipotolewa ndipo kidonda kikaanza kupona.

Kwa hiyo, hata kama umepata nafuu, mwone daktari na umwambie waziwazi kwamba ulichomwa na samaki wa baharini. Neno hilo moja hubadilisha uchunguzi. Daktari ataangalia kama kuna kipande kilichobaki, na atakuuliza juu ya chanjo ya pepopunda. Ikiwa umepita miaka mitano tangu chanjo ya mwisho, huenda ukahitaji nyingine. Tena, maji ya bahari yana bakteria wasio sawa na wale wa shambani, hivyo dawa ya viuavijasumu iliyozoeleka huenda isifae. Wagonjwa wa kisukari na wa ini wasisubiri hata siku moja, kwa sababu kwao maambukizo ya aina hii huenea upesi na yaweza kuua.

Nenda hospitali mara moja ikiwa mwiba umeingia kifuani, tumboni, shingoni, jichoni au kwenye kiungio. Usiung'oe mwenyewe. Fanya vivyo hivyo ukiona shida ya kupumua, kuzirai, homa, malengelenge, usaha au wekundu unaopanda.

Kujikinga si kazi ngumu. Vaa viatu vya mpira unapotembea miambani. Katika hifadhi za baharini kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, tazama samaki kwa macho tu. Wafundishe watoto kutogusa samaki yeyote asiye na magamba, awe hai au amekufa.

Na wewe unayefuga au kununua kambare wa bwawani, mshike kwa uangalifu. Naye ana miiba miwili mikali kwenye mapezi ya kifuani, na kidonda chake chataka kusafishwa vizuri na kukumbuka chanjo ya pepopunda vilevile.