Vijiti Vyekundu Visivyo TB (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia Kibong'oto, wilayani Siha, hospitali iliyoanza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu na ambayo tangu 2009 inatibu TB sugu. Leo tumtazame mgonjwa aliyemaliza dawa za miezi 6, pengine mara mbili, na bado anakohoa.

Mtaalamu wa maabara hupaka makohozi kwenye kioo, huyatia rangi, kisha huinamia hadubini. Vijiti vyekundu hivi hapa! Wengi wataamua palepale: TB sugu. Kumbe rangi ile huwashika pia ndugu wa TB, mikobakteria wa aina zaidi ya 100 waishio katika udongo na maji duniani kote. Sioni kwa nini kihamba (shamba la migomba) na mfongo (mfereji wa maji) vya Uchaggani visiwe nao.

Fununu hutoka kwenye mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya TB peke yake. Vijiti vikionekana na mashine ikakana TB, makohozi yaoteshwe. Kazi hiyo huchukua hadi wiki 6, au 8 kwenye kioteshi kigumu. Subira hiyo huwachosha wagonjwa, na madaktari pia.

Hata wakiota, usikimbilie dawa. Wadudu hawa huweza kuingia kwenye sampuli kutoka maji ya bomba tu. Mwongozo wa kimataifa wa 2020 unataka dalili, picha inayoonyesha mapafu yameathirika, na aina ileile iote katika sampuli mbili tofauti za makohozi. Waathirika wakubwa ni wenye mapafu yaliyokwisha kuumia: makovu ya TB ya zamani, au vumbi la migodini.

Tiba hutegemea aina. Aviumu hutibiwa kwa azithromaisini, rifampisini na ethambutoli kwa pamoja, na dawa huendelea miezi 12 baada ya makohozi kuwa safi. Kansasii ni mpole zaidi. Absesasi ndiye mkaidi: dawa za kawaida za TB hazimtishi, hudai sindano za amikasini na wakati mwingine upasuaji. Kwa kawaida maradhi haya hayaambukizwi mtu kwa mtu, kwa hiyo mgonjwa asitengewe kikombe.

Azithromaisini ikitumiwa peke yake huzalisha usugu. Ndugu msomaji, ukikohoa wiki 2, usiinunue dukani, nenda kapime. Na kama umetibiwa TB usipone, muulize daktari wako: makohozi yangu yameoteshwa?