Mchirizi Ndani ya Jiwe: Mahali pa Ruwaza katika Uundaji wa Picha za Marumaru kwa Kompyuta

Makala haya yanafafanua swali moja la uundaji wa picha kwa kompyuta: ruwaza ya maada inayopitisha nuru kwa kiasi iwekwe juu ya uso wake au ndani yake? Marumaru imeteuliwa kuwa mfano kwa sababu inakusanya sifa zote mbili: nuru huipenya, na michirizi yake hupita katika mwili mzima wa jiwe.

Mwaka 1985 Ken Perlin alionesha namna ya kuunda michirizi ya marumaru kwa kanuni za hisabati. Badala ya kubandika picha juu ya umbo, kanuni hiyo hutoa thamani kwa kila nukta ya nafasi yenye pande tatu, na umbo huwa kana kwamba limechongwa kutoka humo. Ruwaza huzunguka chombo bila mshono. Hata hivyo, thamani hizo zikisomwa usoni pekee na nuru ikaakisiwa pale pale inapogusa, chombo hufanana na plasta iliyopakwa rangi.

Upungufu huo ulishughulikiwa mwaka 2001 na Henrik Wann Jensen, Stephen Marschner, Marc Levoy na Pat Hanrahan. Katika modeli yao, nuru inayoingia katika nukta moja hutawanyika ndani na kutokea katika nukta nyingine. Kwa marumaru waliyoipima, kigezo cha mtawanyiko ni 2.19 kwa kila milimita kwa nuru nyekundu na 3.00 kwa nuru ya buluu. Kigezo cha ufyonzaji ni 0.0021 na 0.0071. Maana yake ni kwamba nuru hupoteza mwelekeo wake wa awali ndani ya nusu milimita, lakini hufyonzwa kidogo mno. Tukikokotoa kutokana na vigezo hivyo, umbali wa kusambaa ni takribani milimita 8.5 kwa nyekundu na 4 kwa buluu. Ndiyo sababu kingo za vivuli juu ya marumaru hulainika na kuelekea wekundu.

Ukokotoaji huo wa kusambaa, hata hivyo, huichukulia maada kuwa sare. Hapa ndipo kosa hujipenyeza. Mtafiti akipiga picha ya jiwe halisi, kisha akaitumia kama rangi ya ndani ya modeli, anauhesabu mtawanyiko mara mbili: mara ya kwanza ulifanywa na jiwe lenyewe, mara ya pili unafanywa na programu. Mchirizi wenye upana wa milimita moja hufifia kupita uhalisia.

Njia iliyo sahihi zaidi ni kuiweka ruwaza katika vigezo vyenyewe vya mtawanyiko na ufyonzaji, kisha kufuatilia kila mwale hatua kwa hatua, vigezo vikisomwa upya kila unapofika. Gharama yake ni muda mrefu wa ukokotoaji, na chembechembe za doa zisipofuatiliwa nyale za kutosha.

Uthibitishaji nao hauna budi kubadilika. Taa ikiwa mbele ya jiwe, mchirizi uliopakwa usoni na ule uliozama huweza kufanana. Bamba jembamba likimulikwa kutoka nyuma, mchirizi wa usoni hubaki na kingo kali, ilhali uliozama hulainika kadiri ya kina chake. Kwa hiyo, ulinganisho unaotegemea picha za taa ya mbele pekee hautoshi kuthibitisha kwamba modeli imeliwakilisha jiwe. Unathibitisha tu kwamba imeuwakilisha uso wake.