Kabla hujapanda mti: tujifunze nini kutoka kituo cha utafiti wa misitu cha Kifu?

Mvua zikianza hapa Nakivale, watu hupokea miche, huchimba mashimo na kupanda. Kiangazi kikifika, mingine hukauka. Ikiwa miche yako ilikufa, huenda ulijilaumu kwamba hukuimwagilia vya kutosha. Lakini huenda mti wenyewe haukufaa mahali ulipoupanda.

Kujua mti gani unafaa wapi ni kazi ya watafiti. Nchini Uganda kazi hiyo inafanywa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Rasilimali za Misitu, NaFORRI, iliyoko Kifu, wilaya ya Mukono, mashariki mwa Kampala. Iko chini ya NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo. Hapa karibu nasi, NARO ina taasisi ya kanda mjini Mbarara, inayohudumia wakulima na wafugaji wa kusini-magharibi.

Utafiti huu ulianza wapi?

Uganda ilipata idara ya misitu mwaka 1898. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea huko Amani, katika milima ya Usambara, Tanzania ya leo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walihamishia utafiti wa pamoja Muguga, karibu na Nairobi, kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na kazi yake. Tanzania iliunda TAFORI mwaka 1980, Kenya ikaunda KEFRI mwaka 1986, na Uganda ikaunda NARO mwaka 1992.

Watafiti wanafanya nini hasa?

Huchukua mbegu za aina moja ya mti kutoka sehemu mbalimbali, kisha huzipanda katika vipande vidogo vya ardhi, penye udongo na mvua tofauti. Halafu huhesabu: mingapi imekufa, mingapi imeliwa na mchwa, mingapi imestawi. Unene wa shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, ili vipimo vilingane. Kazi hii huchukua miaka mingi.

Faida yake ilionekana miaka ya 2000, pale mdudu mdogo kama nyigu, mwenye asili ya Australia, alipoingia Afrika Mashariki. Hutaga mayai ndani ya majani machanga ya mkaratusi, majani hufanya vinundu na mti hudumaa. Watafiti walilinganisha aina za mikaratusi na kuona kwamba nyingine huumia sana na nyingine hustahimili. Mkulima asiyejua hilo anaweza kupoteza shamba zima.

Hili linatuhusu vipi?

Nakivale ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, na wote tuliofuata tumepika kwa kuni na makaa. Miti ikipungua, akina mama na watoto huenda mbali zaidi, na huko hukutana na wenyeji ambao nao wanahitaji kuni zilezile. Ugomvi mwingi huanzia hapo. Mti unaokufa kabla ya kukomaa haumsaidii mkimbizi wala mwenyeji.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda:

1. Uliza mti huo ni wa kazi gani: kuni, mbao, kivuli au lishe ya mifugo. Mjohoro hustahimili ukame na huchipua tena ukikatwa, kwa hiyo unafaa kwa kuni. Mgrivea unaweza kupandwa mpakani mwa shamba la mahindi au maharage. Musambya, ambao Wanyarwanda na Warundi huuita umusave, ni mti wa asili wenye mbao na nguzo nzuri.

2. Usipande mikaratusi karibu na ziwa, kisima au bustani. Hunywa maji mengi. Ziwa Nakivale ni sehemu ya ardhi oevu ya Mburo-Nakivali, iliyotambuliwa kimataifa mwaka 2006.

3. Uliza mbegu zimetoka wapi. Mbegu zikusanywe kutoka miti mingi yenye afya, si mti mmoja tu.

4. Panda mwanzo wa mvua, si mwisho wake, na zuia mbuzi.

5. Ulizia kuhusu ardhi. Mkimbizi anaruhusiwa kutumia ploti aliyopewa, lakini hawezi kuiuza wala kuikodisha. Zungumza kwanza na kiongozi wa kijiji chako na ofisi ya OPM, ujue nani atavuna miti hiyo. Ukiwa mwenyeji na unapanda mpakani, zungumza pia na jirani yako.

Msimu ujao, usipokee mche kabla ya kuuliza jina lake na kazi yake. Anayegawa miche asipojua, mwombe aulize taasisi ya NARO iliyoko Mbarara.