Matembezi ya Dakika Tano Mowlem

Anza na hesabu ya Jumapili. Baba, mama na watoto watatu wanataka kutoka mtaa wa Mowlem, Eastlands jijini Nairobi, hadi Uhuru Park. Tuseme nauli ni shilingi 70. Kitinda mimba akipakatwa, waliobaki wanne watatumia shilingi 560 kwenda na kurudi, kabla hata ya chupa ya maji. Picha, boti na chipsi bado hazijatajwa. Mzazi anayeishi kwa kibarua huipiga hesabu hiyo kimyakimya, kisha huwaambia watoto wangoje Krismasi.

Sisi wapangaji miji tunapojadili burudani ya familia, hukimbilia kutaja bustani kubwa: Uhuru Park, Arboretum, msitu wa Karura. Ni mahali pazuri, na jiji linapaswa kupalinda. Lakini familia ya Mowlem hufika huko mara chache mno kwa mwaka, na mwili wa mtoto haukui kwa ratiba ya sikukuu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate, kwa wastani, angalau dakika 60 za kukimbia, kuruka na kutoka jasho kila siku. Dakika hizo hupatikana karibu na mlango wa nyumbani, au zisipatikane kabisa.

Ndiyo maana umbali una uzito zaidi kuliko ukubwa wa bustani. Ofisi ya shirika hilo barani Ulaya hutumia kipimo ambacho ningependa kila diwani akijue: eneo la kijani la nusu hekta, yaani takriban ekari moja na robo, lililo ndani ya mita 300 kutoka nyumbani. Mita 300 ni mwendo wa dakika tano hivi. Mtoto anaweza kwenda, akaitwa, akarudi.

Eastlands haikukosa maarifa haya. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilipangwa nyumba zikizunguka nyasi, na katikati ya mtaa pakawekwa ukumbi wa jamii. Buruburu, iliyofuata miaka ya 1970, iligawanywa katika nyua ziitwazo koti ambazo gari likiingia halina pa kupitia, hivyo watoto walicheza humo wakichungwa kutoka kila dirisha. Mowlem ilikua kwa njia nyingine. Mwenye ploti alijenga hadi ukingo wa ardhi yake, kisha akapanda juu, kwa sababu kila chumba ni kodi. Uwanja wa mpira hauna kodi, kwa hiyo haukuwa jukumu la mwenye ploti yeyote.

Matokeo yake yanaonekana saa kumi na moja jioni. Watoto wako kwenye korido, kwenye ngazi, juu ya paa katikati ya kamba za nguo, au barabarani wakicheza michezo ya kati na bano huku boda boda zikiwapita ubavuni. Paa lisilo na ukuta wa kutosha ni hatari kubwa, na ningewaomba wenye ploti waliangalie leo. Tatizo la pili halionekani upesi. Mpangaji miji wa Denmark, Jan Gehl, ameeleza kwamba anayeishi juu ya ghorofa ya tano hupoteza mawasiliano na barabara: haoni sura ya mtu vizuri, wala sauti yake haifiki. Mama aliye ghorofa ya saba hawezi kumchunga mtoto aliye chini, basi anamfungia ndani na televisheni. Simlaumu. Jengo ndilo lililomnyima chaguo jingine.

Hata hivyo, majibu mengine yako jirani tu. Dandora ilianzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mradi wa ploti zipatazo 6,000 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na nyumba zake zilizunguka nyua za pamoja. Baada ya miaka mingi, nyua nyingi ziligeuka jaa na maficho ya wahalifu. Katika muongo uliopita vijana wa hukohuko walianza kuzizoa taka, kupanda maua na miti, kuweka bembea na kupaka kuta rangi, wakazi wakichangia ada ndogo ya usafi na ulinzi. Huko Korogocho, vijana wa kikundi cha Komb Green wamegeuza ukingo wa Mto Nairobi kuwa bustani ya watu. Familia ya Mowlem inaweza kwenda kuona kazi hizi bila safari ya mjini.

Ila si kila ardhi iliyo wazi inafaa mtoto. Jaa la Dandora liko kando ya mto huohuo. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa maeneo yanayolizunguka, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Risasi hudhuru ubongo unaokua. Udongo wa ukingo wa mto upimwe kwanza, kisha ndipo tuzungumze juu ya bembea.

Penye msongamano kama Mowlem, uwanja wa haraka zaidi ni barabara yenyewe. Huko Bristol, Uingereza, majirani walianza mwaka 2009 kufunga barabara yao kwa saa chache ili watoto wacheze, na baraza la mji likaweka utaratibu wa kuwapa kibali. Mowlem ingeweza kufunga kichochoro kimoja cha ploti Jumapili alasiri. Muuza smoki na muuza mutura wabaki palepale. Wao ni macho ya mtaa, na wateja wao pia.

Katiba ya 2010 imeipa kaunti jukumu la bustani na vifaa vya burudani. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya tarehe hizo umma hualikwa kutoa maoni. Mzazi wa Mowlem, nenda na majirani wako, mwombe diwani orodha ya ardhi ya umma iliyobaki katika wadi, na mtaje kwa jina kichochoro mnachotaka kifungwe kwa ajili ya watoto.