Chuo chako hakijulikani? Soma hii kabla hujaomba uzamili

Tuseme umekulia Kibara na digrii umeichukua kwenye chuo ambacho hata nchini wengi hawajakisikia. Sasa unataka uzamili Ulaya, na mtaani unaambiwa, "Hizo nafasi ni za watu wa Mlimani." Je, ni kweli?

Tuangalie maombi yanavyosomwa. Mhadhiri anayeyachambua ana swali moja: huyu ataiweza kazi ya utafiti? Jina la chuo humsaidia kubahatisha jibu tu. Chuo asichokijua hakimwambii zuri wala baya. Pengo hilo inabidi ulijaze wewe kwa ushahidi wa aina tatu.

Kwanza, alama. Vyuo vyetu hupima GPA kwa 5, Marekani kwa 4. Andika "3.8 kati ya 5, daraja la pili la juu" ili usieleweke vibaya. Usiigeuze mwenyewe.

Pili, barua za walimu. "Ni kijana mwenye bidii" haimwambii msomaji kitu. Barua nzuri inataja ulichofanya, na ulikuwa wa ngapi kati ya wangapi. Mpe mwalimu ripoti yako ya utafiti, na mpe mwezi mzima wa kuandika.

Tatu, kazi ya mikono yako, na hapa Kibara inakubeba. Upo Ghuba ya Speke. Sheria inakataza kuvua sangara walio chini ya sentimita 50. Je, wanaofika mwaloni kwenu wana urefu gani, na hubadilikaje mwezi hadi mwezi? Ongea kwanza na viongozi wa BMU, la sivyo wavuvi watadhani wewe ni mtu wa doria. Kisha pima kila wiki, siku ileile, bila kuchagua samaki. Baada ya mwaka una takwimu zako mwenyewe, ambazo msomaji anaweza kuzikagua bila kukijua chuo chako.

Kuhusu hela, soma masharti mapema. Chevening inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, ila Erasmus Mundus inapokea hata walio mwaka wa mwisho. Pia unaweza kuanzia Nelson Mandela, Arusha, halafu uzamivu ukausomee nje.

Nafasi ni chache, na wengi wenye sifa hukosa. Kwa hiyo omba sehemu kadhaa. Ila usijikatae mwenyewe kabla hawajasoma maombi yako.